Waya wa Chumba cha Nne

3 Februari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Naamini barua hii imekukuta umekaa na miwani iko mahali pake, maana ukiikosa utampa mama akusomee, na humu kuna mambo ya wanaume. Mimi mzima wa kupitiliza. Mwambie mama ninakula, ninalala, na ile sweta aliyonifungia naivaa kila asubuhi. Mdogo wangu nasikia amekuwa wa pili darasani. Mpongeze, ila asianze kujisifu. Kazi hiyo katika familia hii ina mwenyewe.

Ningekupigia simu, lakini tangu ile mashine yako ya kusaga unga imalize masikio yako, kukupigia ni sawa na kuongea na mlango. Basi tuandikiane.

Sasa nikwambie nilivyopokelewa mahali ulipoacha jina. Jengo ni lilelile, ghorofa mbili, maabara kumi na mbili, na harufu ya dawa inayokufuata mpaka nyumbani. Kila chumba kina vile vifaa vya kutambua gesi ikivuja. Vitabu vinaviita vitambuzi, sisi mafundi tunaviita pua. Zote arobaini na sita tunazing'oa na kuweka mpya. Ubaya wa pua ya zamani ni kwamba ikifa haisemi. Inaendelea kuwasha taa yake ya kijani, kama mzee anayeitikia kwa kichwa kumbe amelala.

Na maabara haifungwi, Mjomba. Watu wanachemsha, wanapima, wanaandika, na sisi tuko juu ya ngazi vichwani mwao. Ni kama kumbadilisha mtu meno huku anakula. Ili king'ora kisilie tunapofungua pua, tunaweka waya mfupi ndani ya boksi la chumba hicho, na paneli kuu inadanganyika kwamba mambo shwari. Waya huo una masharti: uandikwe kwenye kitabu, ufungwe utepe mwekundu unaoning'inia nje kila mtu auone, na utolewe siku hiyohiyo. Kitabu anacho msimamizi wetu, mama mmoja mfupi anayeandika mpaka saa uliyopiga chafya. Nimempa jina la Mama Kitabu. Hajui.

Niko kwenye miezi mitatu ya majaribio. Ikiisha, Mama Kitabu ataandika neno moja: anafaa, au hafai. Akiandika la pili, narudi kukusaidia kusaga unga, na najua hilo hulitaki wewe wala mashine. Lakini usihofu. Nimeshawatangazia wote kwamba pua za zamani zilifungwa na mjomba wangu. Wengi walifurahi. Mzee mmoja wa stoo, anayetunza mitungi ya gesi, alisema tu nikusalimie.

Halafu, Mjomba, kitu kimoja. Hapa wanasema uliacha kazi ukiwa na miaka mingi mbele yako. Kwa nini?

Mpwa wako,
Naibu Fundi Mkuu wa Pua

*

14 Februari

Mpwa,

Marahaba. Barua imefika na nimeisoma mwenyewe. Mama yako hajambo ila goti. Sweta ameikuta chini ya kitanda chako, ndani ya mfuko wa plastiki, siku ya pili baada ya wewe kuondoka. Hajakasirika. Ameniambia niandike tu kwamba ameikuta. Mdogo wako anakusalimu, anasema nafasi ya pili wewe uliwahi kuipata katika mbio za magunia.

Pua arobaini na sita si nyingi. Zifunge moja moja, usizifunge kwa mdomo.

Niliacha kazi kwa sababu ya miguu. Ngazi zilikuwa zimenichosha.

Usilitangaze jina langu huko. Watu wa sasa hawanijui na mimi siwajui. Na mkifika chumba cha nne, kuna boksi juu ya dari, upande wa dirisha. Hilo mwachie msimamizi alifungue mwenyewe. Wewe shika ngazi.

Msalimie msimamizi na mafundi wenzako.

Mjomba wako

*

4 Machi

Kwako Mjomba mwenye miguu,

Shikamoo tena. Nimefurahi kusikia ni goti tu. Mwambie mama sweta niliisahau kwa sababu ya kuipenda sana. Nilikuwa nimeitunza ikatunzika. Mdogo wangu mwambie mbio za magunia ni mbio.

Kuhusu miguu yako nina swali. Mama siku zote alituambia uliacha kazi kwa sababu ya masikio. Sasa ni miguu. Nikikuuliza mwezi ujao itakuwa mgongo? Usijibu, natania.

Kazi inakwenda vizuri kiasi cha kunitia aibu. Pua kumi na tisa zimeshakaa. Moja tu ndiyo nilikosea, nayo si kukosea, ni kuwa na jicho la uzuri: niliifunga usawa wa uso, katikati ya ukuta, ikapendeza kama saa ya sebuleni. Mama Kitabu akaiangalia, akaniuliza gesi ya chumba kile ni nzito au nyepesi. Nikasema ni ya wastani. Akaandika. Kumbe ni ile inayopanda juu kuliko zote, na pua yake inatakiwa kukaa karibu na dari. Nikaihamisha. Tundu nililoliacha ukutani nimelibandika kalenda.

Kila pua mpya inajaribiwa kabla haijaaminiwa. Tuna kichupa cha gesi kidogo, unaipulizia puani, nayo ikilia ndipo Mama Kitabu anaandika kwamba inasikia. Nikamwambia mimi pua yangu haihitaji kujaribiwa, naweza kujua jirani anapika nini milango ikiwa imefungwa. Akaniambia nusa hiki kichupa. Nikanusa, sikusikia kitu. Akasema hiyo ndiyo gesi inayotumika chumba cha nne, monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi, na mtu anayeivuta hujisikia tu kichwa kinauma na uchovu, halafu anaketi chini, halafu haamki. Akaandika kwamba pua yangu haisikii. Ameandika kweli, Mjomba, na tarehe.

Wiki ijayo tunaingia hicho chumba cha nne. Mwenyewe ni Daktari Kimya. Ni mtu mwema asubuhi, anakuuliza hata habari za nyumbani. Ikifika alasiri kichwa kinamuuma, anameza vidonge viwili na hataki kusikia hata bisibisi ikianguka. Wenzake wanasema amekuwa hivyo miaka yote. Ana tanuri lake, refu kama jeneza, anachomea vipande vya chuma kwa siku tisa mfululizo, na asije mtu akalizima.

Mzee wa stoo anakusalimu tena. Juzi aliniona nafunga waya, nikamalizia kwa kukunja ncha ya utepe mweusi iwe kama sikio dogo, vile ulivyonifundisha, ili atakayekuja kuutoa asihangaike na kucha. Akanishika kiganja akasema, "Mkono huu naujua." Mikono yake mwenyewe inatetemeka, maskini. Na mitungi anaihesabu mara mbili tatu, maana akifika katikati anasahau alikuwa na ngapi. Wanasema zamani alikuwa msaidizi wa maabara, na hakuna aliyekuwa anapima vitu kwenye mizani kwa mkono mwepesi kama wake. Ulimkuta?

Mpwa wako,
Fundi Bingwa wa Pua (isipokuwa yangu)

*

14 Machi

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Wa kwetu wote nawasalimu, leo sina utani mwingi.

Tuliingia chumba cha nne Alhamisi. Mama Kitabu alikuwa chini ameshika kitabu, na ngazi ilikuwa inanisubiri. Uliniambia boksi nimwachie yeye. Nilikumbuka. Lakini, Mjomba, wewe ungemwambia mama wa watu wa miaka hamsini na kitu apande darini wakati mimi niko hapo nimesimama na miguu yangu mizima? Nikapanda. Nikafungua.

Ndani kulikuwa na waya mfupi. Hauna utepe mwekundu. Vumbi juu yake linaweza kuoteshwa mchicha. Umefungwa utepe mweusi, mizunguko mitatu, na ncha imekunjwa kama sikio dogo.

Umekunja ncha ili atakayeutoa asihangaike. Sikuhangaika.

Mama Kitabu aliuliza kutoka chini, "Kuna nini?" Nikasema, "Vumbi tu." Akaandika kwamba boksi limekutwa sawa. Waya nimeutia mfukoni, na sasa uko kwenye soksi.

Nimehesabu tangu uache kazi, ni miaka kumi na tisa. Miaka kumi na tisa king'ora cha chumba cha nne hakikuwa na njia ya kulia, na taa yake ya kijani imewaka muda wote huo. Kila mwaka mtu wa ukaguzi alikuja, akaitazama ile taa, akaridhika, akaondoka.

Labda kuna maelezo. Labda kazi iliwekwa ikakatizwa ukaitwa mahali. Mimi sijamwambia mtu. Niandikie tu. Nikijua naandika uongo kwa sababu gani, nitauandika vizuri zaidi.

Mzee wa stoo anakusalimu. Hii ni mara ya tatu, na wewe hujawahi kumrudishia.

Mpwa wako,
Fundi wa Vumbi

*

15 Machi

Mpwa,

Marahaba. Goti la mama yako limepungua. Amefuma sweta nyingine, ya kijani. Mdogo wako ana mtihani.

Ni kweli ilikuwa miguu, na masikio yalikuja baadaye. Mtu anaweza kuchoka viungo viwili.

Nakuandikia tena kuhusu boksi la chumba cha nne. Usiliguse kabla msimamizi hajaliona. Hata akikutuma, mwambie mjomba wako amekukataza. Hata akicheka. Usifanye kazi yoyote katika chumba kile alasiri na mlango umefungwa.

Wasalimie mafundi wenzako, na huyo daktari.

Mjomba wako

*

2 Aprili

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya kunikataza boksi imefika siku kumi na tatu baada ya mimi kulifungua. Nimeisoma kwa heshima zote. Yangu ya tarehe kumi na nne najua imekufika kitambo, maana mama amempigia shangazi na shangazi amenipigia mimi, na katika habari zote zilizonifikia kwa njia hiyo ndefu, mojawapo ni kwamba umeacha kula chakula cha jioni. Basi endelea kunyamaza, nami nitaendelea kuandika. Karatasi ninazo.

Pua zimebaki kumi tu. Tarehe tatu ya mwezi wa tano majaribio yangu yanaisha, na Mama Kitabu juzi aliniambia nimeanza kushika kazi kama mtu mzima. Nilitaka nimwombe aandike.

Kilichonichosha ni pua mpya ya chumba cha nne. Tumeifunga, tumeipulizia, imelia vizuri, imeandikwa. Sasa kila siku saa tisa alasiri inalia yenyewe. Dakika tano, inanyamaza. Watu wanatoka nje, wanarudi, wananitazama mimi. Tumeibadilisha tukaweka nyingine. Saa tisa ikalia nayo. Mama Kitabu amewaandikia waliotuuzia waje na vyombo vyao. Mpaka waje, kila king'ora kikilia lazima tanuri lizimwe, na tanuri likizimwa siku tisa za Daktari Kimya zinaanza upya.

Jumanne alikuja mwenyewe, amejishika kichwa. Hakunifokea. Aliongea nami kama mwenzake, Mjomba, akaniita "fundi". Akasema mimi na yeye tunajua kifaa ni kibovu, ila Mama Kitabu ni mtu wa karatasi. Siku zake tisa alikuwa anazianza upya siku hiyo, nimsaidie tu mpaka ziishe. Nikapanda. Nikaweka waya mfupi.

Utepe mwekundu sikuweka, kwa kuwa Mama Kitabu angeuona. Kwenye kitabu sikuandika, kwa sababu hiyohiyo. Ncha nimeikunja.

Usianze kuhema. Ni ya muda tu. Hata wewe naona ulikuwa na sababu kama hii hii, na mimi sikuhukumu, nimekuelewa sasa. Tofauti yetu ni kwamba wangu nitautoa.

Mpwa wako,
Rafiki wa Madaktari

*

12 Aprili

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Najua unataka kujua upande wa huku ulikuwaje, nami nataka kujua wa huko, basi naanza.

Ijumaa ilikuwa siku ya kumi tangu niweke waya. Siku zake tisa zilikuwa zimekwisha Jumatano, lakini Daktari Kimya alikuwa ameanzisha nyingine tisa, na mimi nilishakuwa fundi wake, nikakosa mdomo wa kumkatalia. Saa nane na nusu tulikuwa chumba cha nne, yeye, mimi na Mama Kitabu, ambaye hakuamini ile pua imeacha kulia yenyewe, akaja kupima nafasi ya pua ya pili. Mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya kelele za korido. Mimi nilikuwa nashika futi. Saa tisa ilipofika kichwa kilianza kunigonga, nikadhani ni njaa.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Ni mzee wa stoo. Tangu nifike sijawahi kumwona akipandisha ghorofa hii; mitungi huiacha mlangoni mwa ngazi. Alikuwa anahema, ameshika karatasi ya stoo, ile ya kuandikia nani kachukua nini, na karatasi inatetemeka. Hakumsalimu mtu. Akanitazama mimi akasoma, polepole, kama orodha ya mali: "Mjomba wako amepiga. Anasema panda utoe waya. Anasema usiseme ni vumbi."

Mama Kitabu aligeuka akaniangalia. Ningeweza kusema chochote. Nilikuwa nacho hata kimoja kizuri kuhusu mzee kuchanganyikiwa. Lakini yule mzee alikuwa amesimama kwenye kile chumba akiwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, Mjomba, na nikaona hachungulii ndani. Amefumba macho.

Nikapanda. Nikavuta ile ncha, ukatoka mara moja. Na papo hapo king'ora kikalia. Ilikuwa saa tisa na dakika mbili.

Tulitoka wote. Daktari alitaka kurudi kwa tanuri, Mama Kitabu akamshika koti akamtoa kama anatoa mtoto dukani. Nje kwenye nyasi nikatapika, na hiyo pia imeandikwa.

Walipoingia na vifaa vyao vya kupumulia wakakuta hivi. Feni inayovuta moshi wa tanuri kwenda nje ina saa yake ya kuipumzisha. Kila siku saa tisa inazima kwa dakika kadhaa ili isipate moto, na gesi ya tanuri inarudi chumbani. Iliwekwa hivyo tangu siku feni ilipofungwa, na hakuna aliyeigusa. Pua yako ilikuwa nzima. Pua yangu ilikuwa nzima. Zilikuwa zinasema neno lilelile kwa miaka kumi na tisa, na kila tuliposikia tulitafuta namna ya kuzinyamazisha.

Daktari Kimya amepelekwa kupimwa damu. Jana alasiri alikuwa nyumbani, na mkewe kampigia mkuu wa maabara kuuliza mumewe amepewa dawa gani, maana ameimba.

Leo asubuhi anasema ni yeye aliyekuwa na wasiwasi na ile feni siku zote.

Mama Kitabu aliniita ofisini. Nilienda na soksi. Nikamwekea mezani waya mbili, wako na wangu, zimelala pamoja kama ndugu. Nikamwambia yote, na vumbi. Aliandika kwa muda mrefu. Nikamuuliza kama ameandika hafai. Akasema, "Neno hilo nilikuwa nalo tayari. Umelifanya lisubiri kwa kuleta na ule wa mjomba wako, nisiokuuliza."

Majaribio yangu yamefutwa yote. Kesho Jumatatu naanza upya, siku ya kwanza, kama sijawahi kufika. Na kila alasiri saa tisa kasoro dakika tano nitakuwa chumba cha nne na kichupa, kuipulizia pua na kuisikiliza inalia, mpaka yeye atakaposema basi.

Sasa zamu yako. Simu umepigaje, na wewe husikii?

Mpwa wako

*

23 Aprili

Mpwa,

Marahaba. Na kabla sijaandika jingine lolote: msalimie mzee wa stoo.

Barua yako ya tarehe mbili ilifika Ijumaa saa saba mchana. Niliisoma nimesimama. Kukujibu kwa posta ni siku kumi. Simu siisikii. Ilibidi nimwambie mama yako akupigie, na hawezi kupiga bila kujua asemeje, kwa hiyo nikamwambia. Nilimwambia yote hapo kwenye kizingiti cha jiko, yale niliyoshindwa kuyaandika kwa wiki tatu, na yalichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Mama yako alifuta mikono. Akabonyeza namba yako. Simu yako haikupatikana.

Namba nyingine ya huko ninayoijua kwa kichwa ni moja tu, ya stoo. Nimeikumbuka miaka yote hii bila kuipiga. Mama yako akabonyeza, akaniwekea sikioni, akanipa ishara kwamba kuna mtu. Nikasema, "Sikusikii, lakini wewe nisikie." Nikasema mimi ni nani. Nikatulia kidogo kuvuta pumzi. Halafu nikataja chumba, boksi, waya, na wewe.

Ilikuwa hivi. King'ora kilikuwa kinalia kila alasiri. Mkuu wa wakati ule akasema kifaa kibovu, kinawapotezea watu kazi. Mimi nilikuwa fundi, nilitakiwa kutafuta kwa nini. Nikaweka waya wa siku moja. Siku ya nne, huyo mzee wa stoo, akiwa bado msaidizi wa maabara, alikuwa anapima mle ndani na mlango umefungwa. Walimkuta sakafuni, bado anapumua. Walisema hakuwa amekula asubuhi. Wakaniuliza kama mfumo ulikuwa mzima. Taa ilikuwa ya kijani, nikasema mzima.

Kupanda kwenda kuutoa kungekuwa kukiri mbele ya watu. Nikaacha kazi badala ya kuutoa waya. Nikafungua mashine ya kusaga, ambayo kelele yake haikunyamaza kutwa, na nadhani niliipenda kwa hilo mpaka ikanimaliza.

Nimemwandikia msimamizi wako barua yenye maneno haya haya, na sahihi yangu. Afanye atakavyo.

Kuna jambo moja sijui. Mama yako alikuwa amesogeza sikio, na yule mzee alijibu kitu kwenye simu. Nimemuuliza amesema nini. Anakataa kuniambia, anasema nimuulize mwenyewe, nimechelewa vya kutosha. Nami siwezi kusikia. Muulizie.

Sweta ya kijani inakuja na kifurushi hiki. Ivae.

Mjomba wako

*

6 Mei

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Sweta nimeivaa, inawasha shingoni, mwambie mama ni nzuri. Mdogo wangu nimesikia amekuwa wa kwanza. Nitamwandikia mwenyewe, anipe nafasi ya kujitayarisha.

Barua yako kwa Mama Kitabu imefika. Aliisoma, akaibana kwa pini kwenye ukurasa wa boksi la chumba cha nne, juu ya pale alipokuwa ameandika "sawa". Hilo neno amelikata kwa mstari mmoja, na pembeni ameweka sahihi yake, kwamba amekosea yeye. Mambo mengine yamekwenda kwa wakubwa, na wakubwa wanatafuta faili.

Salamu zako nilizipeleka stoo siku hiyohiyo. Nilimpa barua yenyewe asome ile sehemu yake. Alisoma mstari wa kwanza, akarudia. Kisha akasema, "Posta ya siku hizi, salamu miaka kumi na tisa." Akaendelea kuhesabu mitungi. Alifika kumi na sita, akasahau, akaanza tena, nami nikasimama pale nimeshika kofia. Aliposahau mara ya pili nilimsaidia, nikasema kumi na sita, akasema anajua.

Nikamuuliza alikujibu nini kwenye simu. Akasema hakukujibu, alikuuliza. Aliposikia ni wewe, alichukua karatasi na kalamu, akakuuliza, "Chumba kipi?"

Nikamwambia, "Mzee, si ulijua ni chumba kipi?"

Akasema anakijua kuliko mtu yeyote katika jengo lile, ila alitaka kukisikia kwako.

Nikamkumbusha kwamba wewe husikii, na swali lake halikukufikia.

Akaweka alama ya mtungi wa kumi na saba.

"Lakini alijibu," akasema.

Saa inakaribia tisa, nashika kichupa napandisha.

Mpwa wako,
siku ya ishirini na nne